Kibaba, Shibiri na Kete: Hesabu Tuliyoiacha Nyumbani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyekiumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, liko neno moja linalosikika sana katika nyumba zetu za pwani, tangu Saadani mpaka Bagamoyo, na kushuka mpaka Mbweni na Kunduchi. Mtoto hurudi shuleni na daftari la hesabu lililojaa makosa ya wino mwekundu. Mzazi hulitazama, akashusha pumzi, kisha akasema: "Basi mwanangu, hesabu hazikuwa zetu. Sisi ni watu wa chuoni."

Neno hili husemwa kwa huruma, lakini ndani yake mna sumu. Linamfundisha mtoto mambo mawili yasiyo ya kweli. La kwanza, kwamba hesabu ni mali ya watu wengine, na sisi ni wageni ndani yake. La pili, kwamba dini na kuhesabu havikai nyumba moja.

Nataka kueleza, kwa msaada wake Mola, kuwa jambo lenyewe ni kinyume cha hayo. Hesabu ilikuwa nyumbani kwetu kabla ya kujengwa shule yoyote ya serikali. Ilikaa jikoni, ilikaa barazani, ilikaa chini ya mwembe, na watoto waliijua kwa mchezo kabla hawajaijua kwa kalamu. Akili hatukukosa. Tuliviacha vyombo vya wazee wetu, na mazungumzo yaliyokwenda pamoja navyo yakaondoka. Mazungumzo hayo yaweza kurudi leo usiku, wala hayana gharama.

ULIMI WETU NI SHAHIDI

Tuanze na ulimi, kwani ulimi huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu, ya babu zetu wa bara na pwani. Sita, saba na tisa tumeyapata kwa Kiarabu, na vivyo hivyo makumi yote tangu ishirini mpaka tisini, na mia, na elfu. Laki imetoka Bara Hindi. Zamani sita iliitwa tandatu, saba iliitwa fungate, na tisa iliitwa kenda. Kenda bado twaisikia kwa wazee. Fungate nayo haijafa, kwani bado twaitumia kwa siku saba ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani. Basi mtoto wa Kiswahili akihesabu mpaka laki moja, amekwisha kuipitia historia ya bahari yote ya Hindi kwa ulimi wake.

Hapa pana mchezo wa kwanza, nao wafaa wakati wa kula. Muulize mwanao: "Siku ya tano ya juma ni ipi?" Atasema Jumatano, maana jina lenyewe lasema. Kisha mwulize: "Na Alhamisi maana yake nini?" Alhamisi ni neno la Kiarabu, na maana yake ni ya tano vilevile. Vipi basi juma moja liwe na siku mbili za tano? Mwache afikiri, usimpe jibu upesi. Jibu ni kuwa Waswahili walianza kuhesabu Jumamosi, mosi ndiyo moja, na Waarabu huanza Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza. Kila mmoja amehesabu tano zake sawasawa, ila wameanza mahali mbalimbali. Mtoto akilifahamu hili amejifunza jambo kubwa: hesabu iliyo sahihi hupotoka kwa mwenye kusahau alianzia wapi.

Fanyeni hivyo na miezi pia. Baada ya kufungua Ramadhani, wazee walihesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, na kuendelea mpaka Mfunguo Tisa. Mwulize mtoto: Maulidi ya Mtume (S.A.W.) yako Mfunguo Sita, na Hija iko Mfunguo Tatu. Tangu mwezi wa Hija mpaka mwezi wa Maulidi ni miezi mingapi? Hiyo ni hesabu ya kutoa, na imepita bila ya chaki.

Na saa yetu je? Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, na wenzetu wa Ulaya huanza usiku wa manane. Tofauti yake ni sita. Saa kumi yao ya asubuhi ni saa nne yetu. Mtoto anayeweza kugeuza saa huku na huku bila kusita amekwisha kujua kujumlisha na kutoa.

KIBABA JIKONI, SHIBIRI MKEKANI

Mzee wetu Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda hapa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Habari alizoziandika zilitolewa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu kiitwacho Desturi za Waswahili. Humo mna habari za uzazi, malezi, chuo, michezo, arusi na biashara, zote katika kitabu kimoja. Ndivyo maisha yalivyokuwa. Mtoto hakutengewa chumba cha elimu mbali na chumba cha maisha. Alipotumwa dukani alijifunza, na alipomsaidia mama yake kupima mchele alijifunza.

Vipimo vya nafaka vilikuwa hivi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja, yaani vibaba vinne. Pishi sitini ni mzo mmoja. Kwa hiyo aliyesikia "haba na haba hujaza kibaba" hakusikia methali tu, alikiona kibaba chenyewe, na punje zikidondoka ndani yake.

Vipimo hivi vilikutana na ibada. Zaka ya Fitri ni swaa moja kwa kila mtu, na swaa ni mudi nne. Wazee wa pwani waliona pishi yao nayo ni vibaba vinne, basi wakaitoa kwa pishi. Nyumba yenye watu saba hutoa pishi saba, nazo ni vibaba ishirini na vinane. Siku hizi wengi hukadiria kilo mbili na nusu kwa mtu mmoja. Usiku wa kuamkia Idi usipime peke yako. Mwite mtoto, mpe kikombe, mwambie: "Kisia kwanza, halafu pima." Akisema vikombe kumi, na vikatokea kumi na vitatu, usimcheke. Mwulize amekosa kwa vingapi, kisha mpe chombo cha pili akisie tena. Utaona safari hii amekaribia.

Kwa urefu wazee walitumia viungo vyao. Shibiri mbili ni dhiraa moja. Dhiraa mbili ni wari. Dhiraa nne ni pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mpe mwanao mkeka aupime kwa shibiri zake, kisha nawe uupime kwa zako. Wewe utapata labda shibiri tisa, yeye atapata kumi na tatu. Mwulize nani amekosa. Hapana aliyekosa, ila mikono si sawa. Ndipo mtoto anapofahamu kwa nini mnunuzi wa nguo alipenda dhiraa ya mtu mrefu, na muuzaji akapenda ya mtu mfupi, na kwa nini serikali zote duniani zimelazimika kuweka kipimo kimoja kwa wote. Hapo mweleze habari ya Surat Al-Mutaffifiin, ambayo Mola ameianza kwa kuwaonya wale wanaojitimizia vipimo vyao na kuwapunjia wenzao. Kisha mwambie anyooshe mikono ukutani, mpime pima yake, halafu mpime kimo chake tangu utosi mpaka kisigino. Atashangaa kuona kuwa viwili hivyo hukaribiana sana.

Wala msidhani kipimo cha mwili ni cha wajinga. Manahodha wa bahari yetu walipima kimo cha nyota kwa isba, yaani upana wa kidole. Walitumia kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, wakakishika mbele ya jicho mpaka kikajaa kati ya upeo wa bahari na nyota, ndipo wakajua wamefika wapi kaskazini au kusini. Ahmad bin Majid, nahodha na mwanachuoni wa karne ya 15, aliandika elimu hiyo, na miongoni mwa maandishi yake imo njia ya pwani hii mpaka Sofala. Mpeleke mwanao ufukoni jioni, anyooshe mkono, ahesabu ni vidole vingapi vimebaki kati ya jua na bahari. Kila baada ya kitambo ahesabu tena. Ataiona hesabu ya kutoa ikifanywa na mbingu.

BAO, KOMWE NA MDAKO

Sasa tuje barazani. Bao la Kiswahili lina mistari minne, na kila mstari una mashimo manane. Nne mara nane ni thelathini na mbili. Kete zake ni sitini na nne, na mara nyingi ni komwe zilizookotwa bure vichakani. Katika bao la kujifunzia kila shimo hutiwa kete mbili, na mtoto aliyepanga mashimo yote amekwisha kusoma jedwali la mbili bila kujua kuwa anasoma.

Lakini hesabu ya bao iko katika kusambaza. Mchezaji ana mashimo kumi na sita upande wake. Akichota kete, lazima ajue kabla hajaitia ya kwanza, ya mwisho itaanguka wapi. Tuyape mashimo namba, moja mpaka kumi na sita, kwa kuzunguka. Akichota kete tano katika shimo la kumi na nne, ya mwisho itaanguka shimo la ngapi? Kumi na nne na tano ni kumi na tisa. Toa kumi na sita. Itaanguka shimo la tatu. Mzee anayecheza barazani hufanya hesabu hii kwa kufumba na kufumbua, na pengine mzee huyo huyo ndiye amwambiaye mjukuu wake kuwa yeye hajui hesabu!

Na angalieni hiyo sitini na nne. Wakati Bagamoyo ilipokuwa mlango wa misafara, pembe zikapimwa kwa frasila na wapagazi wakilipwa na kununua chakula, rupia moja ilikuwa pesa sitini na nne. Nusu yake thelathini na mbili, robo yake kumi na sita, thumuni yake nane. Mama aliyeuza vitumbua sokoni aligawa kwa mbili, kisha kwa mbili tena, kisha kwa mbili tena, wala hakubakisha kitu. Mwaka 1904 Wajerumani waliiacha pesa hiyo na kuigawa rupia kwa heller mia moja. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza wakaleta shilingi yenye senti mia moja. Mchukulie mtoto kete sitini na nne, umwambie azigawe nusu kwa nusu mpaka asiweze tena. Atagawa mara sita, na mwisho atabaki na kete moja. Kisha mpe mia moja afanye vivyo hivyo. Atagawa hamsini, ishirini na tano, kisha atakwama. Hapo atajua kwa nini hesabu ya nusu na robo ilikaa vyema sana vichwani mwa bibi zetu.

Kwa watoto wadogo iko shufwa na witiri. Mmoja huficha komwe kiganjani, na mwenzake hutaja: shufwa au witiri? Kisha hufungua, wakazipanga mbilimbili. Ikibaki moja peke yake ni witiri, kama ile rakaa ya mwisho ya sala yetu ya usiku. Wasichana nao wana mdako: jiwe hurushwa juu, na kabla halijarudi mkononi mawe hutolewa shimoni, kisha hurudishwa yote isipokuwa moja, halafu isipokuwa mawili, halafu matatu. Huko ni kujumlisha na kutoa kwa mkono mwepesi, na mwalimu yeyote angefurahi kuwa na wanafunzi wepesi namna hiyo.

Natoa onyo hapa, mzazi mwenzangu. Mchezo wowote kati ya hii ukitiwa fedha ndani yake ni kamari, na kamari ni haramu, iwe ya shilingi mia au ya laki. Na bao likiwapitisha watu wakati wa sala, hilo limekwisha kuwa si mchezo tena. Weka mipaka hiyo miwili, kisha mwache mtoto acheze.

MWEZI NA JUA

Katika Surat Yunus, aya ya 5, Mola ametueleza kuwa ameuwekea mwezi vituo ili tupate kujua idadi ya miaka na hesabu. Kwa hiyo kuhesabu siku ni kuitazama ishara yake.

Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, na mwaka wa jua una siku 365 hivi. Mtoto atoe: tofauti ni siku 11. Ndiyo sababu Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, ikatupata wakati wa masika, na mara nyingine wakati wa kiangazi. Baada ya miaka mingapi itarudi pale pale? Mwambie azidishe 354 kwa 33, kisha 365 kwa 32. Atapata 11,682 na 11,680. Zimekaribiana mno! Basi miaka 33 ya mwezi ni sawa na miaka 32 ya jua, na mwenye umri wa miaka arobaini amekwisha kufunga katika majira yote.

Akishafahamu hapo, msomee kisa cha watu wa pangoni katika Surat Al-Kahf, aya ya 25, ambapo imetajwa miaka mia tatu, na tisa ikazidishwa. Wafasiri wengi wameeleza kuwa mia tatu ni kwa jua, na mia tatu na tisa ni kwa mwezi. Mtoto na ajaribu mwenyewe: siku 11 mara 300 ni siku 3,300. Agawe kwa 354. Atapata tisa, na siku 114 zitabaki. Sijapata kumwona mtoto aliyefanya hesabu hii kwa mkono wake akaisahau aya hiyo.

Wazee wetu walishika kalenda zote mbili. Ibada waliifuata kwa mwezi. Kwa kilimo na safari za pepo za kaskazi na kusi, walihesabu siku za jua tangu Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, bado huiadhimisha mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Walizipanga siku kumi kumi, kila kumi ikaitwa mwongo. Miongo thelathini na sita ni siku 360, zikaongezwa tano zikatimia 365. Mkulima aliyesema "tupande mwongo wa fulani" alikuwa ameshika kalenda kamili kichwani.

WALIOTUTANGULIA

Yule asemaye kuwa hesabu ni ya Wazungu, na ajue kuwa tarakimu zinazotumika leo duniani kote zilitoka Bara Hindi, zikafika Baghdad. Huko katika karne ya 9, enzi ya Khalifa Al-Maamun, Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi aliandika juu ya namna ya kuhesabu kwazo. Aliandika pia kitabu cha al-jabr, na kwa jina la kitabu hicho watu wote wameiita elimu hiyo aljebra. Neno letu sifuri ni lile lile sifr la Kiarabu. Leonardo wa Pisa, Mtaliano, alisoma hesabu hizo ujanani katika mji wa Bejaia, Algeria, kisha mwaka 1202 akawaandikia watu wa Ulaya kitabu. Kwa hiyo mtoto wa Bagamoyo anapoandika sifuri daftarini, haazimi chombo cha watu.

Hawa waliotutangulia wametuachia pia michezo. Mmoja ni mizani, yaani njia ya kuipima hesabu kwa kutupa tisa. Chukua 47 mara 23, jibu ni 1,081. Je, ni kweli? Jumlisha tarakimu: 4 na 7 ni 11, tena 1 na 1 ni 2. Na 2 na 3 ni 5. Zidisha 2 kwa 5, ni 10, yaani 1. Sasa tazama jibu: 1 na 0 na 8 na 1 ni 10, yaani 1. Mizani imelingana. Isingelingana, ungejua bila shaka kuwa pana kosa. Ila ikilingana usiape, kwani kosa la tisa huipita mizani hii bila kuonekana.

Wa pili ni mraba wa tisa. Chora vyumba tisa, vitatu kwa vitatu, umwambie mtoto apange moja mpaka tisa, kila mstari, kila safu na kila mshazari ujumlike 15. Akishindwa, mnong'oneze kuwa tano hukaa katikati. Mwisho atapata hivi:

4 – 9 – 2
3 – 5 – 7
8 – 1 – 6

Tazama pembe nne: zote ni shufwa, 2, 4, 6 na 8. Katika hesabu ya abjadi hizo ni herufi ba, dal, wau na ha ya kooni, na ndiyo sababu mraba huu umeandikwa katika hirizi nyingi. Sisi hirizi tuziache. Hesabu haizuii jini wala haileti mchumba. Mraba huu una uzuri wake ulio wazi, nao watosha.

ROBO NA THUMUNI

Sehemu kubwa ya kitabu hicho cha Al-Khwarizmi ni mas-ala ya wasia na mirathi. Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa amana. Qur'ani, katika Surat An-Nisaa, imetaja mafungu sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Asiyeyajua haya hawezi kutoa haki, wala hajui kama ameipata.

Katika kijiji kimoja cha pwani hii, nisichokitaja, niliitwa barazani siku ya kugawa urithi. Marehemu alikuwa ameacha mke na ndugu, hakuacha mtoto. Shamba lilikuwa na minazi 40. Mkubwa wa ukoo akamwambia mjane kwa sauti ya upole: "Shemeji, sharia imekupa robo. Lakini sisi kwa heshima yako tumekupandisha, tumekupa thumuni, kwani nane ni nyingi kuliko nne." Yule mama akashukuru, na machozi yakamtoka. Sijafungua kinywa, kijana mmoja wa kike, wa miaka kumi hivi, aliyekuwa akipitisha kahawa na mkate wa sinia, akasema: "Babu, niwie radhi. Mkate huu nikiukata vipande vinne, na mwingine kama huu nikiukata vinane, wewe utataka kipande cha upi?" Baraza zima likanyamaza. Yule mama alipata minazi yake 10, badala ya 5.

Binti yule hakuwa amesoma vitabu vya fiqhi. Mama yake alimzoesha kuwagawia wadogo zake mkate kwa haki, na hilo likatosha kumrudishia mjane nusu ya haki yake iliyokuwa ikienda.

Basi zifanyeni hesabu hizi kwa kete nyumbani. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na wawili wa kike, na minazi 48. Mke ana thumuni, ni 6. Imebaki 42. Kila wa kiume ana mafungu mawili, kila wa kike fungu moja, jumla mafungu sita. Kila fungu ni minazi 7. Wa kiume ni 14 kila mmoja, wa kike ni 7 kila mmoja. Mtoto ajumlishe aone kama zimerudi 48. Na kwa aliyekua kidogo, mpe hili: mwanamke ameacha mume na dada wawili wa baba na mama, na minazi 42. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Atagundua kuwa mafungu yamezidi mali. Mweleze kuwa hili liliwafika masahaba zama za Sayyidna Umar (R.A.), wakapunguza kila fungu kwa uwiano: mafungu matatu na manne, jumla saba. Mume atapata 18, na kila dada 12.

NENO KWA WAZAZI

Wengine husema: simu ya mkononi inafanya hesabu zote, ya nini kujisumbua? Nasema, simu hujibu lililoulizwa. Asiyejua la kuuliza hajibiwi. Leo mtu hukopeshwa kwa simu hiyo hiyo. Tuseme amepewa 10,000, akaambiwa arudishe 12,000 baada ya mwezi. Masikioni ni kidogo. Lakini akiendelea hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atalipa ziada ya 24,000, na deni lenyewe la 10,000 liko pale pale. Riba ni haramu, na hesabu ya kidato cha kibaba yatosha kuonyesha hekima ya kuharamishwa kwake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mashauri yangu ni machache. Usimpige mtoto kwa ajili ya hesabu, wala usimwite mjinga, kwani hofu hufunga akili. Mwulize "umepataje?" hata akiwa amepata, ili azoee kueleza njia yake. Usiwabague wasichana, maana hao ndio watakaokuwa wajane na mawasii wa mayatima. Cheza naye robo saa tu kila siku, baada ya Magharibi au jikoni chakula kikiiva. Na lile neno la kwamba hesabu si zetu, tuliache tangu leo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, azijaalie nyumba zetu ziwe chuo na mizani ya haki, na atuwepesishie hesabu yetu Siku ya Hesabu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.